Ushirikiano wa Daktari na Mgonjwa katika Mazungumzo: Uhakiki wa Kanuni za Grice kwa Mizani ya Kiswahili

Katika kazi zote zifanywazo kwa maneno, ni chache ambazo kosa la neno moja huleta hasara kubwa kama kazi ya daktari amwulizapo mgonjwa habari za ugonjwa wake. Vyombo vya kupimia damu na mkojo vimeongezeka, na picha za ndani ya mwili hupigwa kwa njia nyingi; walakini hakuna chombo kiwezacho kueleza maumivu yalianza lini, huzidi wakati gani, na ni dawa gani mgonjwa alizokwisha kuzimeza kabla ya kufika hospitali. Hayo hupatikana kwa mazungumzo tu. Na mazungumzo hayo yakiisha, mgonjwa hurudi nyumbani na maneno mengine aliyopewa, ambayo hana budi kuyatenda peke yake bila ya kuwa na mtu wa kumwongoza. Kwa hiyo swali la jinsi daktari na mgonjwa wanavyoshirikiana katika kusema si swali la adabu peke yake. Ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Wataalamu wa lugha wa Ulaya na Marekani wamelichunguza jambo hili kwa bidii tangu miaka ya 1970, na wengi wao, kwa kukiri au kwa kunyamaza, wameegemea nadharia ya mwanafalsafa Mwingereza H. P. Grice kuhusu ushirikiano katika mazungumzo. Nia ya uhakiki huu ni kuipima nadharia hiyo kwa mazungumzo yafanywayo kwa Kiswahili, hasa katika Tanzania, ambako mgonjwa hueleza kwa Kiswahili na daktari huandika kwa Kiingereza wakati ule ule. Hoja itakayotetewa ni hii: msingi wa nadharia wasimama, lakini kanuni zake hazitoshi, kwa sababu hatari kubwa katika chumba cha daktari wa Kiswahili si uhaba wa ushirikiano, bali ni wingi wa kukubali unaodhaniwa kuwa ni ushirikiano.

Neno "daktari" litatumika hapa kwa mtu ye yote akaaye upande ule wa meza, ijapokuwa katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania akaaye hapo mara nyingi si daktari wa shahada bali ni tabibu. Neno "mganga", ambalo zamani lilitumika kwa wote, na ambalo bado limo katika cheo cha Mganga Mkuu wa Serikali, limeachwa ili lisichanganye maana.

Nadharia yenyewe na mpinzani wake wa kwanza

Grice alizitoa hoja zake katika mihadhara ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967, na sehemu iliyo mashuhuri zaidi ilipigwa chapa mwaka 1975. Asema kwamba mazungumzo ni kazi ya shirika: kila asemaye hutarajiwa kutoa mchango unaohitajiwa, mahali unapohitajiwa, kwa ajili ya kusudi ambalo wote wawili wamelikubali. Katika msingi huo ametoa mafungu manne ya kanuni. La kwanza ni la kiasi: usiseme pungufu wala kupita haja. La pili ni la ukweli: usiseme unaloliamini kuwa si kweli wala usilo na ushahidi nalo. La tatu ni la uhusiano: sema linalohusu. La nne ni la namna: sema waziwazi, kwa ufupi na kwa utaratibu. Tena aeleza kwamba mtu aivunjapo kanuni mojawapo kwa dhahiri, msikilizaji hadhani kuwa mwenziwe ameacha shirika, bali hutafuta maana iliyofichwa. Mtu akiulizwa kama chakula cha karamu kilikuwa kizuri, naye akajibu kwamba maji yalikuwa baridi sana, muulizaji ameshapata jibu lake.

Mwaka 1976 Elinor Keenan aliipinga nadharia hiyo kwa ushahidi wa Madagaska, nchi iliyo jirani na pwani ya Kiswahili. Alionyesha kwamba huko watu hawatarajiwi siku zote kutoa habari yote waliyo nayo. Habari mpya ni kama mali, na asemaye waziwazi huogopa kubeba lawama ya maneno yake. Kwa hiyo anayetoa habari pungufu hadhaniwi kuwa ameficha jambo kwa makusudi. Amesema kama watu wasemavyo.

Upinzani huo ni wa haki, na umewafaa wengi. Walakini umebaki katika kuuliza kanuni zipi zafuatwa wapi. Haukuligusa jambo ambalo chumba cha daktari hulionyesha kuliko mahali pengine po pote, nalo ni kwamba washirika wa mazungumzo huweza kuwa na kusudi moja bila ya kuwa na haki moja. Mgonjwa na daktari wote wawili wataka ugonjwa ujulikane. Lakini ni mmoja tu mwenye haki ya kuamua lipi lahusu na lipi halihusu, lini swali limejibiwa, na lini mazungumzo yamekwisha. Kanuni ya uhusiano, ikiwekwa mikononi mwa mtu mmoja, si kanuni ya shirika tena, ni amri.

Ushahidi wa sekunde

Katika Marekani, Beckman na Frankel walitoa mwaka 1984 matokeo ya kusikiliza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa. Katika mazungumzo 17 tu ndipo mgonjwa alipoweza kumaliza maelezo yake ya mwanzo. Katika 51 daktari alimkatiza, na wastani wa muda kabla ya kukatizwa ulikuwa sekunde 18. Mwaka 1999 Marvel na wenziwe walitazama mazungumzo 264, wakaona wastani umefika sekunde 23 tu. Ukawekwa pembeni ya hayo uchunguzi wa Basel, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2002 na Langewitz na wenziwe: hapo madaktari waliagizwa kutomkatiza mgonjwa, na wagonjwa 335 walisema kwa wastani wa sekunde 92 kisha wakanyamaza wenyewe. Watu karibu wanane katika kila kumi walimaliza kabla ya dakika mbili kwisha.

Mafunzo ya hesabu hizi ni makubwa. Woga wa kwamba mgonjwa akiachiwa atasema hata jioni hauna msingi. Lakini ni hatari kuzichukua sekunde hizo na kuzileta Afrika ya Mashariki kama zilivyo, kwa sababu saa ya mchunguzi huanza kuhesabu pale daktari anapouliza shida ni nini. Kwa Mswahili, mazungumzo yamekwisha kuanza zamani, na sehemu ya kazi imekwisha kufanywa katika maamkizi. Anayehesabu sekunde baada ya maamkizi ataona mgonjwa amekatizwa upesi au ameachiwa kwa muda mrefu, lakini hataona kama njia ya kusema ilifunguliwa au ilifungwa.

Mtaalamu aliyekaribia zaidi jambo hili ni Elliot Mishler, katika kitabu chake cha mwaka 1984 juu ya usemi wa udaktari. Yeye alitenga sauti mbili katika chumba cha daktari: sauti ya udaktari, itakayo tarehe, kipimo na mahali; na sauti ya maisha, ielezayo ugonjwa ndani ya kazi, ndoa, njaa na hofu ya mtu. Alionyesha kwamba kila sauti ya pili ijitokezapo, ya kwanza huikata. Katika Tanzania sauti hizo mbili zina zaidi ya tofauti ya usemi: mara nyingi zina tofauti ya lugha. Udaktari umefundishwa kwa Kiingereza tangu chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1963, na karatasi ya mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila jibu la mgonjwa hutafsiriwa papo hapo, kimya kimya, na mtu ambaye hakupewa hata saa moja ya mafundisho ya tafsiri.

"Sijambo" ya mgonjwa

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya kueleza, lakini kila mtu aliyekaa katika baraza ya hospitali atautambua. Daktari ni kijana, mgonjwa ni mwanamke mzee.

— Shikamoo, bibi.
— Marahaba, mwanangu. Hujambo?
— Sijambo. Habari za nyumbani?
— Njema, twashukuru. Ila mwili huu umekuwa si wangu.
— Pole, bibi.
— Nimekwisha poa.
— Ehe?
— Basi, tangu juzi siwezi chembe ya moyo.

Kwa mizani ya Grice, hapa pana makosa mengi. Mgonjwa amesema habari ni njema na si njema. Amesema amekwisha poa na hajapoa. Na daktari mwenyewe amepoteza maneno kabla ya kufika kwenye ugonjwa. Mtetezi wa Grice atajibu, na kwa haki, kwamba hakuna aliyedanganyika, kwa sababu maamkizi hayahesabiwi kuwa ni habari. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Maneno haya hufanya kazi zaidi ya kutodanganya. "Shikamoo" ya kijana imemrudishia mzee heshima ambayo benchi la kungojea limemnyang'anya. "Njema" imeonyesha kwamba asemaye bado ni mtu mzima mwenye adabu, si mzigo uliobebwa. Neno "ila" ndilo mlango: mgonjwa ameonyesha mahali shida itakapoingilia, bila ya kuirusha usoni mwa mwenziwe. "Pole" imemwambia kuwa ameonekana, na "ehe" imempa nafasi bila ya kumchagulia la kusema. Hapo ndipo ugonjwa ulipotajwa, tena kwa siku na kwa mahali pake.

Daktari akiyaruka yote hayo akasema, "Una tatizo gani?", hatapata jambo lile lile kwa muda mfupi zaidi. Atapata jibu la mtu aliyeulizwa na polisi: fupi, la tahadhari, na la kwanza lililo karibu. Basi maamkizi ni sehemu ya kanuni ya kiasi kwa Kiswahili, wala si pambo lililo nje yake.

Ufupi, ufumbo na majina ya mwili

Kanuni ya namna yataka maneno ya waziwazi. Mgonjwa wa Kiswahili husema mengi kwa ufumbo, na wengi huona huo kuwa ni upungufu wa elimu. Mwanamke asemaye kwamba "siku zake" zimepita, au mwanamume asemaye kwamba "hana nguvu" na kisha akatazama chini, amesema wazi kwa mtu mwenye masikio. Uwazi wao umo katika kujua kwamba mwenzao ataelewa. Ufumbo ni imani iliyowekwa kwa msikilizaji. Na msikilizaji asipoipokea, kosa la ushirikiano ni lake.

Neno "kidogo" lastahili kutazamwa peke yake. "Hajambo kidogo" husemwa juu ya mtu aliyekuwa karibu na kufa jana, na leo amefumbua macho. "Nasikia maumivu kidogo" huweza kusemwa na mtu ambaye hakulala siku tatu, kwa kuwa kulia maumivu mbele ya mgeni ni aibu. Likitafsiriwa kwa neno la Kiingereza linaloonyesha uchache, ugonjwa mkubwa huandikwa kuwa mdogo. Daktari mwenye busara haliulizi neno hilo lina uzito gani, huuliza matendo: "Uliweza kulala? Uliweza kwenda kisimani?"

Hali kadhalika majina ya mwili. "Chembe ya moyo" ya yule bibi si moyo. Ni mahali pa juu ya tumbo, chini ya mbavu. "Mkono" huanzia begani hata vidoleni, na "mguu" huanzia pajani hata unyayoni. "Presha", kama isemwavyo mitaani, yaweza kuwa shinikizo la damu, na yaweza kuwa wasiwasi wa moyo tu. Uchunguzi uliofanywa wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 na Winch, Makemba na wenzao ulionyesha hatari ya jambo hili kwa uhai wa watoto: "degedege" lilihesabiwa na wengi kuwa ugonjwa mbali na malaria, wenye sababu na tiba nyingine. Daktari amwambiaye mama kwamba mtoto ana malaria, na mama ajuaye kwamba mtoto ana degedege, wamezungumza kwa adabu na kwa utaratibu. Kanuni zote nne zimetimizwa, na hawakukutana.

"Ndiyo" lenye sumu

Jambo kubwa kuliko hayo limo katika neno dogo la kukubali. Katika Kiingereza, "yes" na "no" hufuata hali ya jambo lenyewe: jambo likiwa halikutokea, jibu ni "no", hata swali likiulizwa kwa ukanushi. Katika Kiswahili, "ndiyo" maana yake ni kwamba ndivyo ilivyo kama ulivyosema. Akiulizwa, "Hujatapika?", mgonjwa ambaye hakutapika hujibu, "Ndiyo", yaani, ni kweli, sijatapika. Lakini wako wengine, hasa waliozoea Kiingereza cha shule, ambao hujibu, "Hapana", wakiwa na maana ile ile. Matokeo yake ni kwamba baada ya swali la ukanushi majibu mawili yaliyo kinyume yaweza kuwa na maana moja, na jibu moja laweza kuwa na maana mbili.

Jambo hili lingekuwa la sarufi tu kama madaktari wangeuliza kwa ukanushi mara chache. Lakini maswali ya orodha huelekea huko kwa asili yake. Boyd na Heritage, katika maandishi yao ya mwaka 2006, walionyesha kwamba daktari achukuapo historia ya mgonjwa huelekea kuuliza kwa namna inayotarajia jibu la kwamba hakuna ubaya. Katika Kiswahili matarajio hayo huvaa vazi la ukanushi kwa urahisi sana: "Hukohoi damu? Hukondi? Hupati homa usiku?" Na mgonjwa, ambaye ameketi mbele ya mkubwa na nyuma yake wako watu arobaini wanangoja, hujibu, "Ndiyo, daktari." Nani ajuaye alichokubali? Pengine amekubali kwamba hakohoi damu. Pengine akohoa. Pengine amekubali tu kwamba amesikia swali, kwa maana "ndiyo" hutumika pia kama "naam", kumwonyesha asemaye kwamba sikio liko wazi.

Hapa ndipo nadharia ya Grice inapoonyesha kasoro yake. Mgonjwa huyu ameshirikiana kwa kila kipimo: amejibu upesi, kwa ufupi, kwa kuhusiana, na bila ya uongo. Ushirikiano wake ndio uliofuta habari. Dawa yake haimo katika kumfundisha mgonjwa kujibu, bali katika kumzuia daktari asiridhike na neno la kukubali peke yake. Swali liulizwe kwa hali ya kukiri, na jibu lisiandikwe mpaka kitenzi kisikike: "nakohoa" au "sikohoi". Kiswahili kimeweka ukweli wake ndani ya kitenzi, katika "ni-" na "si-"; atakaye ukweli autafute huko.

"Saa nane" na "masaa manane"

Mazungumzo yakifika mwisho, maneno hugeuka kuwa maagizo. Nchini Tanzania agizo la kawaida ni "kutwa mara tatu". Neno "kutwa" ni mchana wote tangu kupambazuka hata jua kuchwa, usiku haumo. Mgonjwa amezaye vidonge vitatu kati ya asubuhi na magharibi, kisha akalala saa kumi na mbili bila dawa, ametii agizo kwa usahihi wa lugha.

Gumu zaidi ni hesabu ya saa. Dawa ya mseto ya malaria, iliyoanza kutumika Tanzania kuwa dawa ya kwanza mwaka 2006, humezwa mara sita kwa siku tatu, na dozi ya pili hutakiwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Mgonjwa aliyemeza ya kwanza saa nne asubuhi huambiwa, "Umeze nyingine baada ya saa nane." Kwa Kiswahili sanifu sentensi hiyo ina maana mbili kamili: muda wa saa nane ukipita, ambayo ni saa kumi na mbili jioni, au saa nane ya mchana ikipita, ambayo ni muda wa saa nne tu. Hakuna kosa la sarufi katika kusikia kwa namna ya pili.

Watu wa kawaida wamekwisha kuitengenezea lugha dawa yake. Wao husema "masaa manane" kwa muda, na "saa nane" kwa wakati. Waalimu na wahariri wamelikataza neno "masaa" kwa miaka mingi, wakisema kwamba "saa" ni ya ngeli ya N na wingi wake ni "saa", na kwa historia ya neno wana haki. Lakini mkemeaji ajiulize anakemea nini. Hapa wasemaji wameona upungufu, wakauziba kwa kutumia ngeli iliyopo, na tofauti waliyoifanya ni ile ile ambayo mgonjwa aihitaji. Kuikataza tofauti hiyo darasani, kisha kumpeleka mwanafunzi akawe tabibu, ni kumnyang'anya chombo cha kazi. Ikiwa masikio ya wasanifu hayawezi kulivumilia neno hilo, basi na lifundishwe agizo lisilohitaji hesabu: "Umeze nyingine jioni, ikifika saa kumi na mbili." Daktari ahesabu mwenyewe, asimwachie mgonjwa sentensi yenye milango miwili.

Kadhalika siku. Kwa wazee wa pwani siku huanza jua lichwapo, na "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa. Homa iliyoanza usiku huo huweza kuandikwa kwa kosa la siku nzima, isipokuwa mmoja wao ameuliza, "Usiku wa kuamkia siku gani?"

Swali la mwisho

Mwaka 2007 Heritage, Robinson na wenzao walichapisha jaribio lililofanywa na madaktari 20 na wagonjwa 224, nusu ya madaktari hao wakiwa Los Angeles na nusu Pennsylvania. Madaktari wengine waliuliza kama kuna jambo jingine kwa kutumia neno "something", na wengine kwa neno "anything". Swali la kwanza lilipunguza kwa asilimia 78 shida ambazo wagonjwa walikuja nazo wakaondoka bila ya kuzisema; la pili halikuwa na nguvu hiyo.

Jaribio hili limesifiwa sana, na ni la kusifiwa. Lakini haliwezi kutafsiriwa. Kiswahili hakitengi maneno hayo mawili. "Jambo jingine" ni moja katika yote, na "lo lote" halibebi matarajio yale yale. Mwenye kulileta kwa tafsiri ya neno kwa neno hataleta kitu. Kinachofaa kuletwa ni wazo lake, kwamba umbo la swali huamua jibu kabla halijajibiwa. Katika Kiswahili wazo hilo hukaa mahali pengine: kati ya "Hakuna jambo jingine?", ambalo limeshajijibu na ambalo adabu hulitaka "ndiyo", na "Jambo jingine ni lipi?", ambalo limekwisha kukubali kwamba jambo lipo na latafutwa jina lake tu. Kwa mantiki ya lugha, la pili lapaswa kufanya kazi ile iliyofanywa na "something". Hilo ni dai la kupimwa kwa jaribio, wala si la kuaminiwa kwa sababu lapendeza.

Vivyo hivyo swali la "Umeelewa?" Jibu lake ni "Nimeelewa" kila siku, kwa kuwa kusema kinyume ni kumwambia mkubwa kwamba hakueleza vizuri. Aulizaye, "Ukifika nyumbani, mwenzio akikuuliza dawa hii huliwaje, utamjibuje?" amemwondolea mgonjwa mtihani, akampa kazi ya mwalimu.

Yapasayo kufanywa

Yaweza kusemwa kwamba haya yote yataka wakati, na zahanati haina wakati. Ni kweli kwamba foleni ni ndefu. Lakini ushahidi wa Basel umeonyesha kuwa kusikiliza hakuli muda kama udhaniwavyo. Na mgonjwa arudiye baada ya wiki na ugonjwa uliozidi hula muda mwingi zaidi wa daktari yule yule. Kuuliza kwa kukiri badala ya kukanusha hakuongezi hata sekunde moja.

Basi nadharia ya Grice isitupwe, itengenezwe. Ushirikiano usipimwe kwa jinsi majibu yanavyokuja upesi na kwa ufupi, bali kwa jambo moja: kama mwenye haki ndogo ya kusema amewezeshwa kukanusha. Mahali ambapo mgonjwa aweza kusema, "Sivyo, daktari, hukunielewa," bila ya kuogopa, hapo pana ushirikiano, hata kama mazungumzo yana mizunguko na vimya.

Kazi iliyobaki ni ya wanalugha zaidi kuliko ya madaktari. Kwa miaka mingi istilahi za udaktari zimetungwa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, ili daktari apate la kusema. Orodha ya pili, itokayo kinywani mwa mgonjwa kwenda kwenye karatasi ya daktari, ndiyo inayohitajiwa zaidi: maneno ya maumivu, ya muda, ya mahali pa mwili, na ya kukubali, kila moja pamoja na mkoa wake na hatari yake. Orodha hiyo haiwezi kutungwa mezani. Yapasa mazungumzo yenyewe yanaswe, kwa idhini ya wagonjwa na kwa kuficha majina yao, Tanga na Kigoma, Unguja na Mombasa, kisha yaandikwe neno kwa neno pamoja na "ehe" na vimya vyake. Na katika kuyaandika, wahariri wasiyasahihishe. Asemaye "masaa manane" aandikwe hivyo hivyo, kwa kuwa yaelekea yeye ndiye atakayemeza dawa yake kwa wakati.